Shamba halikuwa tupu



Katika mkutano uliopita wa muso yetu hapa Butembo, mama mmoja mjane alisimama na kusema maneno ambayo niliyaandika palepale nyuma ya daftari ya likelemba: "Mimi nililimaka ile shamba tangu niolewe. Tulikimbia 2014, bwana akafia njiani. Sasa nimerudi, wananiambia ilikuwa tupu, njo maana wakaichukua. Tupu namna gani? Kakao yangu njo inazaa pale!" Wengine walicheka. Halafu kimya, maana nusu ya watu waliokaa pale wana kesi kama hiyo nyumbani.

Kamati imeniomba niandike historia ya neno hilo moja: tupu. Tena wafadhili wametuuliza kwa nini katika ombi la mwaka huu tumeweka franga nyingi kwenye kupima mashamba na kutengeneza karatasi, wakati watu wanahitaji mbegu, majembe na mabati. Swali ni la haki. Jibu lake ni refu kidogo, basi mtuvumilie.

Neno hilo halikuzaliwa kinywani mwa jirani aliyevuna kakao ya mama yule. Lina karibu miaka 140. Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya Kongo, ile iliyokuwa mikononi mwa mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilitoa amri fupi: ardhi iliyo wazi, isiyokaliwa na mtu, ni mali ya Leta. Siku hiyo hakuna afisa wake hata mmoja aliyekuwa amekanyaga milima yetu ya Lubero. Stanley alipita bonde la Semliki mwaka 1889, miaka minne nyuma ya ile amri. Yaani tuliandikwa kuwa tupu kabla ya mtu kuja kuangalia kama tupo.

Na walipofika hawakuona vizuri. Penye nyumba na mimea walisema hapa kuna mtu. Penye majani wakasema hakuna mtu. Lakini kwa mlimaji wa milimani, majani yale ni shamba linalolala. Unalima maharagi na ulezi misimu kadhaa, udongo unachoka, unauacha upumzike, kisha unarudi. Pembeni kuna pa kuchungia mbuzi, pa kukata miti ya nyumba, pa kuokota kuni, pa kuchuma uyoga na dawa. Mwanaume alifyeka na kuangusha miti. Mwanamke alilima, akapanda, akapalilia, akavuna, akachagua mbegu ya mwaka ujao. Kujua pahali gani pamelala na pahali gani pako tayari kuamka ilikuwa sana akili ya wamama. Kwa hiyo ile amri iliponyang'anya "ardhi wazi", ilianza na sehemu ambayo ujuzi wake ulikuwa mikononi mwa mwanamke. Vitabu tulivyosoma shuleni havikutuambia hilo.

Kwetu sisi, mfano mkubwa ni bonde la Semliki.

Mwaka 1921 Mmarekani aitwaye Carl Akeley alikuja kwenye volkeno za kusini, akapiga gorila risasi ili awapeleke kwenye jumba la makumbusho la New York. Kisha moyo ukamuuma. Akaanza kusihi wakubwa walinde gorila waliobaki, na mfalme Albert I akakubali. Tarehe 21 Aprili 1925 Parc Albert ikaundwa, ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika. Mwanzoni ilikuwa eneo dogo tu penye volkeno. Ikapanuliwa mwaka 1929, ikapanuliwa tena mwaka 1935, mpaka ikafika Semliki na Ruwenzori, huku kwetu. Ndiyo leo tunaiita Virunga, karibu kilometa za mraba 7 800. Muangalie mpangilio wenyewe: aliyeua gorila alikuwa Mzungu na bunduki yake, aliyekuja kuambiwa ahame ni mlimaji aliyekaa kilometa nyingi toka kwa hao gorila.

Bonde lenyewe halikuwa pori tangu uumbaji. Watu walilima kule, walivua, na walipita na mizigo kwenda kutafuta chumvi ya Katwe, upande wa Uganda. Halafu ikaja malale, ugonjwa wa usingizi. Kati ya miaka ya 1920 na ya 1930 Wabeleji waliwatoa watu bondeni wakawapandisha mlimani. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na siwezi kusema kwamba daktari alidanganya. Lakini watu walipokwisha kupanda, bonde likawa tupu kweli, na lilipokuwa tupu likaingizwa ndani ya mipaka ya parke. Ugonjwa ulipopungua, waliotolewa hawakuruhusiwa kurudi. Njo mwanzo wa ugomvi ambao bado tunao mpaka leo kando ya bonde lile.

Nyumbani kwetu nyanya alizoea kusema kwamba kuna ugonjwa unaoua mtu na kuna ugonjwa unaokula udongo wake. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni hadithi. Nilimkumbuka Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 pale Mangina, na watu wa hapa wakawafungia mlango watu wa riposte. Wageni waliandika kwamba sisi ni wajinga. Tulipoteza ndugu zaidi ya 2 200 kabla ya ugonjwa kutangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, na zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake, kwa maana ndio waliokuwa wakiwaosha na kuwalisha wagonjwa. Kukataa kulituumiza, nakubali. Lakini mtu ambaye nyanya yake alipandishwa mlimani kwa ajili ya dawa, asirudi tena, huyo ana sababu ya kuuliza mara mbili.

Nirudi kwa Wabeleji. Watu wamepandishwa, ardhi imepungua. Sasa ikaongezwa kazi. Amri ya mwaka 1917 iliruhusu Leta kulazimisha kila mwanaume mzima mwenye afya alime mazao iliyoyataka, mpaka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikafikishwa siku 120. Kwenye baridi ya Lubero ilikuwa ngano ya mkate wa Wazungu. Wakati huohuo kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, iliyoanzishwa mwaka 1923, ilikuwa inatafuta vijana wa kuchimba dhahabu. Mji wetu huu wa Butembo ulianza kama kituo chake mwishoni mwa miaka ya 1920. Wengi tunapenda kusema Butembo ni mji wa wafanyabiashara waliojijenga wenyewe bila Leta. Ni kweli, nami najivunia. Lakini mbegu yake ni kambi ya dhahabu.

Sasa fanyeni hesabu. Kijana ameenda mgodini. Siku zake za ngano zimeandikwa kwa kapita. Kodi ya kichwa inamngoja, na mwenye mabibi wengi aliongezewa kodi kwa kila bibi baada ya wa kwanza. Ni nani anashika jembe? Katika daftari za Leta walihesabu paka wanaume wazima wenye afya, kifupi chake kwa Kifaransa ni H.A.V. Mwanamke hakuwa na mstari katika daftari ile. Alilima siku 60 za bwana wake, akarudi kulima chakula cha watoto kwenye mteremko uliobaki, akabeba kuni na maji, mzigo mgongoni na mkanda kwenye paji la uso, na kwa Leta hiyo yote ilikuwa sifuri. Yaani hata kazi yake ilikuwa tupu.

Na mteremko, ukiulima kila mwaka bila kuulaza, unashuka na mvua. Wabeleji waliona udongo unatelemka mtoni, wakasema wenyeji hawajui kulima. Wakaleta amri nyingine: chimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, panda majani ya kushika udongo, asiyefanya atalipa faini au atafungwa. Mitaro yenyewe si mibaya. Hata sisi tunaichimba leo kwenye mashamba ya shirika. Ubaya wake ulikuwa kumpokonya mtu bonde, kumjaza mlimani, kumchosha kwa ngano, halafu kumfunga kwa sababu mlima umechoka.

Kuna watu waliosoma sana waliofikiria mambo haya, na ninawataja kwa sababu baadhi ya wafadhili wetu wanawajua. Mjerumani Maria Mies aliandika mwaka 1986 kwamba utajiri wa dunia hii ulijengwa juu ya vitu vitatu vilivyochukuliwa kama vya bure: wanawake, asili, na makoloni. Malcom Ferdinand wa Martinique ameandika mwaka 2019 kwamba wanaotetea mazingira na wanaokumbuka ukoloni wamekaa nyumba mbili, na ukuta ulio katikati yao ndio kidonda. Nakubaliana nao, ila naongeza neno moja la kikwetu. Kwa sisi wa Beni na Butembo vitu vile vitatu havikuwa vitatu. Vilikuwa mtu mmoja: mama mlimani, na jembe, juu ya udongo unaoteleza.

Tena wamama hawakukaa kimya siku zote. Kule Buloho, teritware ya Kalehe, Kivu ya kusini, mwaka 1982 waliinuka kupinga kodi walizotozwa njiani walipopeleka mihogo sokoni. Kule Kenya, Wangari Maathai alianza na wamama kupanda miti mwaka 1977, akapigwa, akafungwa, akapewa Nobeli mwaka 2004. Hakuna kati yao aliyetenganisha mti, kodi na mwanamke.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Ile "ardhi wazi" ilipata baba mpya. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta pekee. Kuhusu mashamba ya vijijini, yale yanayolimwa kwa mila, ilisema haki zake zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka makumi ilipita bila ile ordonansi. Katikati ya miaka hiyo, mwenye pesa na mwenye kujuana na watu wa ofisi alipata karatasi. Mwenye jembe alibaki na neno la mwami na mbuzi aliyompa. Ndivyo mashamba makubwa ya wachache yalivyoenea kwenye milima ya Lubero na kwenye njia za Beni, mengine yakichungiwa ng'ombe, mengine yakingoja tu bei ipande. Hayo yakilala, hakuna anayesema ni tupu. Kwa nini? Yana karatasi.

Mwanamke alifungiwa mlango wa pili. Kodi ya familia ya mwaka 1987, yaani kitabu cha sheria za ndoa na urithi, ilidai bibi aombe ruhusa ya bwana wake kabla ya kutia sahihi mambo ya kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa hiyo wengi wa wamama wetu waliokimbia mwaka 2014 na 2015 waliolewa na kulima maisha yao yote chini ya sheria ambayo haikuwatarajia ofisini. Leo wanaambiwa: leta karatasi.

Tuje sasa kwenye miaka yetu. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014. Sitayaeleza; memba wanayajua kupita mimi, na wafadhili wameyasoma. Niseme tu jambo moja la ardhi. Watu wa njia ya Mbau, Oicha na Eringeti walitoka mashambani usiku, wengine wakati kakao imeiva. Tarehe 13 Agosti 2016 ilikuwa Rwangoma, ndani ya mji wa Beni kabisa. Tukajazana Butembo, Oicha, kwa ndugu, kwa makanisa, kwa masomo. Wakatuita deplase. Kwa mara ya pili katika miaka mia moja, damu na hofu zilifanya kazi ambayo malale ilifanya Semliki: zilisafisha ardhi. Na mara ya pili kukawa na watu tayari kusema: oneni, ni tupu.

Mimi mwenyewe niliporudi nilikuta mpaka wangu umesogezwa hatua ishirini na tatu. Nilihesabu. Ile mimea ya mpaka, ambayo haifi kirahisi, ilikuwa imeng'olewa na kupandwa upya ndani kwangu. Aliyeing'oa si Mbeleji, wala si muuaji wa porini. Ni mtu tunayesali naye.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana tukiweka yote juu ya wakoloni tutadanganyana. Katika kesi ambazo kamati imesikiliza, adui wa mjane mara nyingi ni ndugu wa marehemu. "Shamba ni ya ukoo," anasema, na kesho yake anaiuza kwa mtu wa mjini. Hiyo si mila ya baba zetu. Mila ilimpa mjane pa kulima na pa kuzikia, na shamba la ukoo halikuuzwa kama debe la mahindi. Huyo ndugu amechukua nguvu ya mila na uhuru wa soko, akaacha wajibu wa vyote viwili. Na sheria haimuungi mkono: watoto wa marehemu, wasichana sawa na wavulana, ndio kundi la kwanza la warithi. Mjane na ndugu za bwana wako kundi la pili, pamoja. Hakuna pahali imeandikwa kwamba shemeji anapita mbele ya binti.

Mtu wa parke atauliza: na msitu je? Namjibu kwa heshima, kwa sababu walinzi zaidi ya 200 wamekufa kwa kazi ile, na wengi wao ni watoto wa milima hii. Msitu ukiisha, mvua inaharibika na sisi ndio wa kwanza kulia. Angalieni milima inayozunguka Butembo: kalitusi juu ya kalitusi, kwa mbao na makala. Maji ya kijito alichokuwa akiteka nyanya yangu yamepungua, na binti anaenda mbali zaidi na dumu lake. Hakuna mama wa muso hii anayetaka Virunga ikatwe.

Lakini ulinzi nao uwe na uso mmoja. Mlimaji wa Mayangose, karibu na mji wa Beni, ameitwa mvamizi kwa miaka. Wakati huohuo kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipewa ruhusa ya kutafuta petroli ndani ya Virunga, na ilifanya uchunguzi kwenye ziwa Edward mpaka kelele za dunia zilipoifanya ikubali kuondoka mwaka 2014. Mwaka 2022 Leta iliweka tena sokoni maeneo ya petroli yanayogusa parke. Mpaka ambao jembe haliruhusiwi kuuvuka, mashine ya petroli iliufungulia. Na pale ambapo parke ilijaribu njia nyingine, kama umeme wa maji wa Mutwanga tangu 2013, watu waliona taa na wakasema asante. Hatukatai mlinzi. Tunakataa kuhesabiwa kama nzige.

Nimefika kwenye pesa. Mtu aliyerudi bila karatasi hapandi mti. Anapanda mihogo ya haraka, anachoma makala, anavuna kabla hajafukuzwa. Mwenye hakika kwamba binti yake ataokota matunda, huyo anapanda kivuli juu ya kakao, anachimba mtaro, analaza kipande cha shamba. Ukitaka msitu ubaki, umpe mama yule hakika. Mbegu tutatoa, majembe pia, lakini mbegu iliyopandwa kwenye shamba ambalo kesho litaitwa tupu ni zawadi kwa mwizi.

Basi mpango ni huu. Upimaji utaanza na wajane. Kila anayekuja alete mashahidi wawili wa mpakani, mmoja awe mwanamke, na mtu mmoja mzee anayekumbuka nani alifyeka mara ya kwanza. Kipande kinacholala kitapimwa kama kinacholimwa, na kwenye karatasi kitaandikwa "linapumzika". Karatasi itasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kinande, mbele ya mkubwa wa kijiji, ndipo itatiwa sahihi au kidole. Nakala moja inabaki katika sanduku la shirika hapa Butembo, maana tumejifunza kwamba nyumba inachomwa.

Mama niliyemtaja mwanzoni ni namba tatu kwenye orodha. Wa kwanza na wa pili ni wajane pia. Wanaume watatu wameomba mashamba yao yaandikwe majina mawili, la bwana na la bibi. Wa nne alisema bado anafikiri, na bibi yake, aliyekaa karibu yake, alisema yeye amekwisha kufikiri.